Tafakari ya Ijumaa: Seli Inayohakikisha Kabla ya Kuua

Ndugu waumini, assalaam alaykum. Juzi usiku, hapa Kibokoni, mwanangu alishikwa na homa ya mafua, nami nilikesha nikimkanda paji la uso kwa kitambaa cha maji, ulimi ukimwomba Mola na fikra zikiwa katika vita vilivyopiganwa ndani ya kifua kile kidogo.

Karibu kila seli ya mwili huonyesha juu ya utando wake vipande vya protini zinazotengenezwa ndani yake, mfano wa mwenye nyumba anayeanika barazani alichonacho chumbani. Virusi vikishaingia, vipande vyao navyo hujitokeza hapo nje. Seli T za kuua, askari wa kinga ya mwili, hupita zikivipapasa vipande hivyo, na haziui mpaka zitambue kilicho kigeni. Sisi tumeamrishwa kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na ni mara ngapi tumeisambaza kabla ya kuipapasa?

Ikishatambua, seli hiyo hujibana na ile iliyoambukizwa, husogeza vifuko vyake vya silaha mpaka pale zilipogusana, na kuvimwaga katika mwanya mwembamba ulio baina yao. Hapo protini iitwayo perforini, kwa msaada wa kalisiamu, hujichomeka katika utando wa mlengwa, na molekuli zake huungana kuwa pete yenye tundu la nanomita 15 hivi; milimita moja ina nanomita 1,000,000, subhanallah. Perforini ikishafungua njia, protini nyingine ziitwazo granzimu huingia na kuamsha vimeng'enya vya seli yenyewe, nayo hujibomoa kutoka ndani bila kupasuka na kuwamwagia majirani uchafu wake. Mabaki humezwa na seli nyingine, na ile iliyoua, ambayo utando wake umekingwa dhidi ya silaha yake yenyewe, hubanduka ikaenda kwa mlengwa mwingine.

Mwaka 1999 wanasayansi walionyesha kuwa baadhi ya watoto huzaliwa na kasoro katika jeni ya perforini. Seli zao humtambua adui na kumshika, ila haziwezi kummaliza. Basi huendelea kuita msaada, na kinga isiyozimika humwunguza mtoto mwenyewe. Tangu nilipolifahamu hili nimeuona ukali wa perforini kuwa ni rehema.

Kabla ya adhana ya alfajiri jasho lilimtoka mwanangu, akaomba uji. Katika dua za leo tuwakumbuke watoto wenye maradhi hayo, na wazazi wao ambao bado wanakesha.