Tulivyojiandaa kuhamia Basel: meno kwanza, mizigo baadaye

Agosti 2024 tulihama Ifakara, Tanzania, kwenda Basel, Uswisi: mimi na watoto wetu wawili, tukimfuata mume wangu aliyetangulia. Mume wangu ni mtafiti wa malaria, na kwa watu wa fani yake njia hiyo si ngeni. Waswisi walifungua maabara yao pale Ifakara mwaka 1957, na tangu hapo watu wamekuwa wakienda na kurudi. Kwa hiyo nilikuwa na bahati ya kuwa na watu wa kuwauliza. Jibu lililogeuza maandalizi yetu yote nililipata kwa dada mmoja aliyekaa Basel miaka minne. Nilimpigia simu nikiwa na orodha yangu ya vitu vya kubeba, kurasa mbili nzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, vitu kule utapata hata vya kuokota. Kitakachokumaliza ni mkono wa mtu."

Alimaanisha kwamba kazi yoyote utakayofanyiwa na binadamu mwenzio ni ghali: kusuka, kunyoa, kuziba jino, kubadilisha zipu. Lakini meza, viti, makoti na baiskeli ya mtoto vinapatikana mitumba kwa bei ndogo, na wanaohama huacha vitu vizima kabisa nje ya mlango vikiwa na kikaratasi kilichoandikwa "gratis", chukua bure. Nikaichana ile orodha, nikaandika nyingine: mambo ya kumaliza nyumbani, mahali ambapo mkono wa mtu tunaumudu.

La kwanza lilikuwa meno. Uswisi bima ya afya ya lazima hailipii matibabu ya kawaida ya meno, na miwani ya mtu mzima hailipii pia. Tukapanda basi kwenda Morogoro wote watatu, maana mume wangu alikuwa ametangulia tangu Mei. Kijana wangu wa miaka mitano alikutwa na matundu mawili, mimi moja, na binti yangu wa miaka tisa jino la utoto lililokataa kung'oka. Safari hiyo tuliirudia mara tatu ndani ya wiki sita. Kijana alilia mara ya kwanza, mara ya tatu akawa anamwelekeza daktari mwenyewe, "Hili, hili la nyuma." Tulipima macho, damu na presha. Nilichukua na kumbukumbu za chanjo kwenye kadi za kliniki, nikazipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Daktari wa watoto wa Basel aliziomba siku ya kwanza.

La pili lilikuwa nywele, na hapa ndipo nilipotoa jasho. Sikuwa najua kusuka. Kila Jumamosi binti yangu alikwenda kwa jirani yetu msusi akarudi kapendeza. Yule dada aliniambia kusukwa Basel kunavuka faranga 100 bila shida, na faranga moja wakati huo ilikuwa karibu shilingi 3,000. Shilingi laki tatu kwa kichwa kimoja cha mtoto! Nikamwendea jirani na kanga mbili za ahsante, nikamwomba anifundishe.

Tulikaa barazani kwake Jumamosi nane. Alinianzisha na mabutu, kisha akanipeleka kwenye twende kilioni. Kosa langu lilikuwa mstari. Nilikuwa nagawanya nywele kwa kukisia, mistari inakwenda kama njia ya ng'ombe. Alinishika kiganja, akaiweka ncha ya kitana katikati ya paji la uso, akaivuta taratibu mpaka kisogoni bila kuinua. "Usiinue mkono, mama. Ukiinua umeshapotea." Halafu akanionyesha kukamata nywele kwa kidole cha kati na cha kwanza, dole gumba likaze chini, na kuongeza nywele kidogo kidogo kila pindo, mtoto asiumie. Jumamosi ya sita binti yangu alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, akasema, "Mama, leo naweza kwenda nazo shule." Ile ilikuwa siku njema sana kwangu. Kunyoa kijana kulikuwa kwepesi: nilinunua mashine, nikafundishwa na kinyozi asubuhi moja.

Mizigo sasa. Tiketi zetu ziliruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa kila mtu, na niliamua hakuna kitakachozidi hapo. Uamuzi huo uligusa kabati la vyombo ambalo mama mkwe alitupa siku ya harusi, mninga mtupu, limechongwa Ifakara hapo hapo. Niliogopa kumwambia. Nilikwenda na mchele, nikamwamkia, nikakaa chini mkekani. "Mama, kabati lako halitauzwa. Naomba lirudi kwako litusubiri." Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na vikombe?" Nikamwambia vikombe navyo virudi, ila sita nivichukue. Akacheka, akasema nichukue na kawa la kufunikia chakula. Vingine viliuzwa: pikipiki, friji, jenereta, na mpunga wote wa msimu ule. Friji nisingeihitaji hata kwa dawa, kwa sababu nyumba za kupanga Uswisi kwa kawaida zina jiko na friji tayari. Zisichokuwa nacho ni taa. Mpangaji anayehama huondoka na taa zake, ukiingia unakuta nyaya zinaning'inia darini. Umeme wao ni volti 230 kama wetu, kwa hiyo blenda yangu ilikuja nami, ilihitaji kichwa kingine tu, maana soketi zao ni za matundu matatu ya duara.

Makaratasi yalikula muda kuliko fedha. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA (wakala wa usajili wa Tanzania), cheti cha ndoa, tafsiri, mihuri. Anza miezi minne kabla, na hakikisha jina limeandikwa sawa kila mahali. La kwangu lilikuwa na herufi moja tofauti kwenye cheti cha ndoa, na herufi hiyo ilinigharimu wiki tatu.

Fedha niliziandika kwenye daftari moja, kwa faranga tu. Nilikataa kabisa kugeuza kila kitu kuwa shilingi, kwa sababu ukifanya hivyo hununui hata mkate. Mafungu yalikuwa manne. Dhamana ya nyumba: sheria inaruhusu mwenye nyumba kudai mpaka kodi ya miezi mitatu, nayo hukaa benki kwa jina la mpangaji. Kodi yetu ni 1,750, kwa hiyo 5,250. Fungu la pili kodi ya mwezi wa kwanza. La tatu bima, 1,800. La nne chakula na nauli mpaka mshahara wa tarehe 25, nikaweka 1,200. Jumla 10,000. Mume wangu aliishi chumba kimoja miezi mitatu akaweka 5,500, sisi nyumbani tukatafuta 4,500.

Fungu la bima nataka nilieleze vizuri, kwa kuwa limewaumiza wengi. Mgeni ana miezi mitatu ya kujiunga, na watu huidhani miezi hiyo ni ya bure. Si ya bure. Ukijiunga, bima inahesabiwa kuanzia siku uliyofika, na ankara inakuja ya nyuma yote. Tena mtu mzima huchagua kiasi atakacholipa mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa, kuanzia faranga 300 mpaka 2,500. Kadiri unavyobeba zaidi, ndivyo ada ya mwezi inavyopungua. Watoto hawalazimiki kubeba kiasi hicho. Kwa kuwa tulikuwa tumetibiwa kila kitu nyumbani, sisi wawili tulichagua 2,500 kwa moyo mkunjufu.

Kuhusu chakula, Basel iko mpakani. Tramu namba 8 inakuvusha mpaka Weil am Rhein, Ujerumani, na huko nyama ni nafuu mno. Ila forodha inaruhusu kilo moja ya nyama kwa mtu kwa siku, na thamani ya manunuzi yasiyotozwa kodi ilishushwa kutoka faranga 300 hadi 150 kwa kila mtu kuanzia Januari 2025. Tukienda wanne tunarudi na kilo nne, zinatutosha wiki mbili.

Ankara ya bima ilifika mwishoni mwa Oktoba, ya Agosti, Septemba na Oktoba kwa pamoja: mimi na watoto wawili, faranga 1,794. Niliisoma nimesimama mlangoni, binti yangu kakaa kwenye kigoda akisubiri nimalizie upande wa kushoto wa kichwa. Nikachukua daftari, nikakata mstari kwenye fungu la tatu, nikarudi kwenye kitana.