Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa endoskopi, Mwanza

Saa 12:30 asubuhi nafungua chumba. Napima kama mipira ya kamera, tunayoipitisha kooni kuangalia ndani ya tumbo, inavuja, naandaa ganzi ya kupuliza kooni. Mtaani huniuliza, "Ndiyo wewe unayewamezesha watu mpira?" Ndiyo, ni mimi.

Saa 2 hadi saa 5: wagonjwa sita. Wawili wametoka visiwani, kichocho kimewavimbisha bandama na mishipa ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kanda ya Ziwa mtu akitapika damu, kichocho ndicho tunachokifikiria kwanza.

Saa 5 na robo akaletwa mama mmoja. Ametapika damu usiku kucha, choo cheusi kama lami, viganja vimepauka. Wingi wa damu ulisoma 5, chini mno. Daktari akaagiza aongezewe damu, kisha apimwe kwa mpira. Mwanawe akakataa. "Nesi, mama ana vidonda vya tumbo, mpeni dawa twende." Miezi minne alikuwa akimnunulia dawa za vidonda dukani. Nikamweleza nimesimama. Nikamweleza tena tumekaa kwenye benchi. Jirani alimwambia mpira unaua, naye ameuza mbuzi watatu kumfikisha mama hapa, ningemgombezaje? Damu alikubali. Chupa ya pili tuliisubiri mpaka saa 9, sijala, miguu inawaka. Ndipo akasaini kipimo.

"Mama, vuta pumzi kwa pua, mate yaache yatoke." Nimemshika kichwa, macho yangu kwenye skrini. Mishipa haikuvimba. Chini kabisa ya umio kulikuwa na uvimbe kama limau, umefunikwa na utando wa umio usioharibika, ila kileleni kidonda kinachovuja damu. Saratani ya umio tunayoizoea haiko hivyo. Ile hula utando wenyewe na kuziba njia. Daktari akasema huenda ni GIST, uvimbe unaoota ndani ya ukuta wa tumbo au umio, chini ya utando. Mara nyingi hukaa kwenye mfuko wa tumbo. Kwenye umio ni nadra mno. Ukinyofoa kinyama cha juu juu, maabara inaweza kukuta utando wa kawaida tu, mtu akaambiwa ni mzima. Daktari akachoma adrenalini, damu ikakata, akaandika CT scan, picha ya ndani ya mwili.

Baadaye, sikuangalia saa, nilikuwa bado kwenye karai napitisha brashi ndani ya kila kijitundu cha kamera, kisha dawa, kisha maji safi, kisha kukausha. Hapa siharakishi hata nikichoka vipi. Homa ya ini haitatoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine kupitia mikono yangu.

Kijana alikuwa mlangoni. "Nesi, kesho atameza tena?"

"Hapana kaka. Kesho ni picha tu. Nenda ukale."