Chupa nne juu ya friji

Friji yetu hapa Chuno, Mtwara, ilikufa mwaka jana, ila juu yake hapakuwa na nafasi hata ya kuweka kibiriti. Chupa nne za mtoto zilikuwa zimepangwa pale: mbili za multivitamini, moja ya mafuta ya samaki, na ya nne ina picha ya mtoto anacheka meno yote nje. Hiyo ya nne muuzaji aliniambia, "Hii ndiyo ya kinga yenyewe, baba." Nikalipa. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, hela ya korosho imeingia, na sisi wenye vishamba vya urithi Tandahimba tukishalipwa kwenye mnada tunakuwa matajiri kwa wiki tatu.

Kibibi wangu ana miaka mitatu na nusu. Alipoanza chekechea ndipo mafua yalipohamia nyumbani kwetu. Leo kamasi, kesho kikohozi, akipoa siku nne anaanza upya. Mimi nikawa na jibu moja tu: niongeze chupa.

Mama yangu alipokuja na kiroba cha ubuyu na kochoho, yale mabibo makavu, amefunga kwenye kanga, alizitazama zile chupa akauliza, "Mwanangu, kwani wewe nilikukuza kwa chupa?" Nikamwambia mama, siku hizi mambo yamebadilika. Hakujibu. Alikwenda kuloweka ubuyu.

Kilichonifumbua macho ni kliniki. Mtoto alikuwa na homa, nikambeba. Wakampima malaria, hakuna. Wakampima wingi wa damu, ikasoma 9.8, wakati kwa umri wake inatakiwa ifike angalau 11. Nikashtuka, nikamwambia nesi mbona nampa vitamini kila siku! Akasema, "Baba Kibibi, niletee hizo chupa nizione."

Kesho yake nikampelekea mfuko mzima. Alisoma lebo moja moja bila haraka, kisha akaniwekea kidole: tatu kati ya nne zina vitamini A. Na kwenye kadi, mtoto alishapata matone ya vitamini A hapo hapo kliniki, yale yanayotolewa kila baada ya miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Alinieleza kwamba vitamini C ikizidi mwili huitoa kwa mkojo, lakini A hukaa kwenye ini na kurundikana, na ikizidi sana inakuwa sumu. Mimi nilikuwa nachanganya chupa tatu nikijiona baba bora.

Halafu akauliza anakunywa nini asubuhi. Chai ya rangi na andazi. Jioni? Chai. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, hasa yale ya kwenye mboga na kunde, na damu hutengenezwa kwa hayo. Na dawa ya minyoo? Tukafungua kadi: nafasi ya mwezi wa sita iko tupu. Tulikuwa Tandahimba msibani, tukasahau. Nilitamani sakafu inimeze.

Akampa dawa ya minyoo na dawa ya damu kwa kipimo chake, akanionya nisijiongezee nyingine dukani. Kuhusu mafua alinicheka kidogo. Mtoto mdogo akianza kuchanganyika na wenzake, mafua mara sita hadi nane kwa mwaka ni kawaida. Ndivyo mwili wake unavyojifunza. Angalia chanjo zimetimia, alale ndani ya neti, anawe mikono kwa sabuni.

Kilichoniuma zaidi ni mabibo, yale matunda ya mkorosho. Msimu ule ule niliokuwa nanunua vitamini C ya chupa, mabibo yalikuwa yanaoza chini ya mikorosho yetu, na yaliyookotwa yalikwenda kwenye uraka, pombe ya wazee. Bibo lina vitamini C kuliko chungwa! Sasa Kibibi anakula, korosho yenyewe naing'oa mimi kwanza kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza midomo. Ukakasi anaulalamikia, fulana zimeharibika kwa madoa, mama yake ananuna.

Msimu ukiisha kuna ubuyu, na ndimu ya kukamulia mbaazi. Kisamvu tunakitwanga, kinachemka sana, kisha nazi; na nazi si ya utamu tu, vitamini A ya majani inataka mafuta ili mwili uichukue. Dagaa nawakaanga kavu, natwanga, nanyunyizia kijiko kimoja kwenye mboga yake. Uji nimeupunguza vikorombwezo. Kabla nilikuwa natia nafaka saba kama nalisha kuku wa mayai. Karanga natia, lakini nachambua mwenyewe. Yenye ukungu naitupa hata kama imebaki hiyo tu. Sumukuvu, sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Chai tumeikata. Hiyo ndiyo vita iliyokuwa ngumu kuliko zote, maana anayempa kwa siri ni bibi yake.

Juzi tumerudi kupima: 11.3. Chupa tatu nimezitupa, ya nne mama kaiosha kaiwekea mafuta ya nazi ya kupaka. Na wakati naandika hapa Kibibi amenilalia begani, ana mafua, kamasi zote kazifutia kwenye shati langu.