Tende zangu zilizogoma kuiva, friza ndo ilizimaliza

Huku Nizwa, Oman, upepo uliangusha vichala vya mtende wetu wa aina ya Khalas tende bado khalal, yaani hazijaiva, njano, ngumu, ukakasi mpaka ulimi unakaza, nkazianika juani siku tatu zikasinyaa tu. Bibi akanambia mjukuu wangu zitie friza, zikalala usiku kucha, asubuhi nkaziacha jikoni barafu itoke taratibu, baadae zishakuwa laini na kahawia kama rutab, yaani tende mbivu laini! Kumbe barafu inapasua seli, vimeng'enya (enzaimu za tende) vinaifikia kazi yao: pektinesi inalegeza kuta, invatesi inavunja sukari ya sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, tanini inayoleta ukakasi nayo inagandamana, ukakasi unaisha. Ila msizichemshe kwanza, moto unaua vimeng'enya. Na zenye kijani bado ziacheni, sukari yake haijatosha.