Kichupa cha damu ya mama

Leo nimempeleka mama hospitali ya Bugando, Mwanza, kupima homoni za tezi ya shingo. Tukiwa kwenye benchi, ziwa likimeremeta kule chini, nikamwonyesha kwenye simu picha ya Rosalyn Yalow. Mwanafizikia wa New York, wazazi wake hata sekondari hawakusoma. Miaka ya 1950, yeye na daktari Solomon Berson walitumia iodini yenye mionzi kupima insulini kwenye damu, hata ikiwa kiasi kidogo mno. Njia hiyo ikafungua mlango wa kupima homoni nyingine. Na hawakuichukulia hataza, yaani haki ya kuimiliki peke yao! Nobeli akaipata 1977. Berson, masikini, alishafariki 1972.

Mama, bado kabana pamba mkononi, akaitazama ile picha: “Kumbe huyu mama ndiye alianza?”

Ndiye, mama.