Mkoromo wa Marimba

"Baba, spika imepasuka?" Mwanangu aliniuliza hivyo juzi, nimeweka muziki wa marimba ya Guatemala sebuleni. Nikamwambia ni nzima, ndivyo inavyolia. Hakuniamini, akaenda kuchezea nyaya.

Mlio huo niliujulia Guatemala kwenyewe, Amerika ya Kati, katika safari ya kahawa; ya mikutano na ya tumbo langu siyasimulii hapa. Siku ya mapumziko wenyeji walitupeleka Quetzaltenango, mji ambao wenyewe huuita Xela, kwa fundi wa marimba. Kila mtu alimwita maestro, nami nikafuata.

Marimba ya kule si ya mtu mmoja. Kubwa hupigwa na watu wanne bega kwa bega, na ndogo yake watatu. Vibao ni vya hormigo, mti mgumu wa huko huko. Mwaka 1978 waliitangaza kwa sheria kuwa ala ya taifa. Zamani chini ya kila kibao kilining'inia kibuyu cha kukuza sauti. Siku hizi nyingi zina visanduku vya mbao, vinavyofupika kadiri sauti inavyopanda.

Maestro alikuwa na moja iliyoletwa matengenezo. Akagonga kibao. Tiii, safi kabisa. Akatikisa kichwa, hakuridhika. Akanionyesha kitundu upande wa chini wa kisanduku, kimezungushiwa nta ya nyuki, na kiwamba kilichochanika. Akakibandua kwa ukucha. Akakanda nta vidoleni mpaka ikalainika, akaizungushia upya, akakata kipande cha kitu chembamba kama ganda la kitunguu. Akakilaza, akakivuta kidogo huku, kidogo kule, akabonyeza kingo kwa kidole gumba. Akagonga tena. Zzzinnn.

Mwili ulinisisimka. Mkoromo ule ule wa ilimba ya babu, kinanda cha vidole gumba cha kwetu Ugogoni, Dodoma!

Nikauliza ni kitu gani. Utumbo wa nguruwe, uliokaushwa. Mwenzetu wa Zanzibar, aliyekwisha kuweka mkono mezani, akaurudisha mfukoni taratibu.

Babu yeye alitumia utando wa buibui, ule mweupe kama karatasi ambao buibui hufungia mayai yake ukutani. Wajukuu ndio tuliotumwa kuutafuta, na ole wako uulete umekunjamana. Ilimba isiyo na utando hakuigusa hata mgeni akimsihi.

Nikajaribu kumweleza maestro. Watafiti wengi husema marimba ya kule ina asili ya Afrika, ilivuka bahari na watumwa. Waguatemala wengi watakwambia ni ya Wamaya, basi. Maestro yuko upande wa Wamaya. Sikubisha. Kihispania changu kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia bei, na Wagogo wenyewe sidhani kama walifika kule. Lakini mbona watu wa mbali hivyo wote waone sauti safi haitoshi? Mpaka leo nalizungusha kichwani bila jibu.

Yeye hilo halikumshughulisha. Alichotaka kujua ni kama utando hudumu kuliko utumbo. Nikamwambia mvua zikianza hulegea. Akacheka: na utumbo vivyo hivyo. Akaniomba nimtumie kidogo ajaribu.

Anwani yake ninayo. Ila tangu tubomoe tembe ya babu tukajenga ya matofali na rangi juu, buibui wenyewe wamekuwa wa kutafuta.