Mradi wa majina, wiki ya tisa: ritifaa imekubali

Ng'wandu. Ng'wandu. Ng'wandu. Jina hili naliandika mara tatu kwa sababu tangu jana naliweza, na mke wangu keshanipiga marufuku kulitamka tena jikoni kwake.

Kadi ambazo kila mwanafunzi anaandika jina lake, mahojiano na wazee nyumbani kuhusu majina hayo, kamba ya ukutani ya kuzitundika kadi, vyote nimeshavieleza huko nyuma, sirudii. Darasa ni lilelile, Kidato cha Kwanza, wanafunzi 71, hapa Mwanza. Kilichonikwamisha mwezi mzima ni sauti moja ya Kisukuma, ng'w, na alama yake ndogo ('), ritifaa, ambayo mimi, mwalimu wa Kiswahili, huifundisha kwa mbwembwe: "Ritifaa, wanafunzi, hutofautisha ng' na ng." Nafuta ubao, natoka, naenda kuita mahudhurio na kuwaharibia watu majina.

Mimi Mpare wa Same. Ng' ninayo, nani asiyesema ng'ombe? Ila ukiibandikia w mdomo wangu unagoma. Inatoka "nguandu", au nakimbilia "Mwandu" kama ilivyo kwenye orodha. Kijana mwenyewe (si jina lake halisi, ila linaanza vivyo hivyo) cheti chake cha kuzaliwa kinasema Ngwandu, cha darasa la saba kinasema Mwandu, na daftari lake la mazoezi linasema Ng'wandu. Yeye ukimwita lolote anaitikia, na hapo ndipo nilipoingia mkenge. Nikadhani kwa kuwa anaitika, basi hana neno. Mpaka wiki ya nne, siku ya kujaza kadi. Herufi nyingine zote aliandika kawaida. Alipofika kwenye ritifaa alikandamiza kalamu hadi manila ikatoboka. Kadi ile bado inaning'inia na tundu lake. Ukisimama upande wa mlangoni asubuhi, mwanga unapenya.

Na aibu yangu ni hii: ukoo wetu ni Mmbaga, M mbili. Nimewahi kuondoka kwenye dirisha la ofisi fulani nikarudi kesho yake, nauli juu, kwa sababu karani aliandika Mbaga. Kwa herufi yangu nitagombana na mtu. (Ndiyo, najua mnavyosema, Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Semeni.) Kwa herufi ya mtoto wa mwenzangu nikasema "si inaeleweka tu?"

Sasa vifaa. Nilitaka orodha yangu ya simu iwe na tahajia sahihi, tofauti na ile rasmi, ambayo siigusi kwa sababu majina yasipolingana na vyeti mtoto atapata tabu wakati wa kusajiliwa mtihani. Kumbe kibodi ya simu inaweka ritifaa iliyopinda, ya kompyuta inaweka iliyonyooka, na jedwali linaona hayo ni majina mawili. Natafuta Ng'wandu, linaniambia hayupo, na huku namwona kwenye mstari wa 38! Jioni mbili zimepotea hapo. Msimamo wangu kwa sasa: daftari la karatasi na kalamu ya bluu, basi. Karatasi haikusahihishi. Na kwa anayeuliza namna ya kutundika kadi kwenye ukuta wa chokaa, selotepu haishiki hata ukiipigia magoti. Kamba ya katani na vibanio vya nguo.

Kurekodi kulisaidia nusu. Kila mtoto alilisema jina lake mara mbili kwenye simu yangu, nami nikawa nasikiliza nikiwa kwenye daladala. Majina 60 na kitu yalinyooka ndani ya wiki mbili. Ng'w ikabaki palepale kama mwiba wa samaki.

Jana ndiyo siku. Nimeita, nimekosea, darasa limeguna. Kijana akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Sema ng'ombe." Ng'ombe. "Ondoa ombe." Nikabaki na "ng'" puani kama mtu mwenye mafua, darasa linacheka. "Usiiachie. Sasa weka wa." Ng'wa. "Ng'wandu," akasema. Ng'wandu, nikasema. Akatikisa kichwa kukubali, bila tabasamu, kama fundi anayepokea kazi ya mwanafunzi wake, akakaa. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisahihishwa mbele ya watu 71 nikafurahi hivyo.

Hapo somo likanitoka mikononi. Msichana wa nyuma akasema, kwa hiyo ng'wana ni mwana. Na ng'waka ni mwaka, mwingine akadakia. Dakika tano wakawa wamepata kanuni ambayo sikuwa nimeipanga: palipo na ng'w kwa Wasukuma, Kiswahili kina mw. Maana yake karani aliyeandika Mwandu hakukosea tahajia. Alitafsiri. Hata Ng'wanamalundi, yule mtu wa miujiza wa Usukuma, nimemkuta kaandikwa Mwanamalundi, Ngwanamalundi na Gwanamalundi.

Nalinganisha na wiki ya kwanza, nilipoanza kwa dodoso lenye safu ya "kabila". Mkuu wa shule aliniita: "Mwalimu, unatafuta nini hasa?" Alikuwa na haki. Sensa yetu yenyewe haijauliza kabila tangu 1967. Na dodoso halikunipa kitu. Mmoja mama Mjita, baba Muha, kazaliwa Kirumba, hapahapa Mwanza, akaacha wazi. Wawili waliandika Yanga. Majina yamenipa zaidi bila kumbana mtu kwenye safu. Mabula, Wambura na Okoth, dawati tatu tofauti, lugha tatu, wote watoto wa mvua, na walikuwa hawajuani. Naserian na Kemilembe wote amani. Kulwa wetu alikuwa anajua fika kwamba Doto ni pacha wake, lakini ni Okoth aliyemuuliza Shija (jina la anayezaliwa baada ya mapacha), "Kwa hiyo nyumbani kwenu kuna mapacha?" Kwenye jina tu!

Nilidhani nimemaliza. Leo asubuhi nimeita mahudhurio kwa madaha, ng'w zote puani. Nikafika kwa msichana ambaye naye orodha inasema Mwandu, nikamtamkia Ng'wandu kwa ufasaha wote. Kimya. Nikarudia, labda sijaipata vizuri. Akasimama: "Shikamoo Mwalimu. Mimi niite Mwandu tu. Ng'wandu ni baba."

Nikatazama kadi yake, ya tatu kutoka dirishani. Mwandu, kwa wino wa kijani, toka wiki ya nne. Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeshaamua ni mhanga wa karani.

Wiki ya salamu na wiki ya utani, nilizopanga zifuate, naziahirisha. Wamegundua kwamba hakuna hata mmoja wao anayejua kwa nini Kirumba inaitwa Kirumba, na Jumamosi kumi na wawili wanakwenda kuwauliza wazee. Nimeshanunua manila nyingine.